Msuguano wa Kabati

Siku yangu ya kwanza kazini, Mkuu wa Idara ya Sarafu alitandaza kitambaa cheusi mezani, akapanga juu yake sarafu tano, akaniambia nichague moja ya kuiba. Nilikuwa na shahada ya historia na koti la kuazima. Nikachagua ile iliyong'aa kuliko zote.

"Wewe ungekamatwa mlangoni," alisema. "Hiyo imesuguliwa kwa dawa ya vyombo. Imekufa. Yenye thamani ni ile chafu uliyoiruka."

Hivyo ndivyo nilivyoingia kwenye kazi ya kuthamini sarafu za Uingereza, katika nyumba moja ya mnada ya Birmingham ambayo sitaitaja, si kwa adabu, ila kwa kuwa bado wana mawakili. Vijana huniuliza kama kazi hii ina mustakabali. Inao. Asiyekuwa nao nilikuwa mimi.

Misingi yake haichukui muda kueleza. Sarafu kuwa adimu haina maana kwamba ni ghali. Nimeshika vipande vya shaba ambavyo hata majumba ya makumbusho hayana, na hakuna aliyevitaka. Tena nimeona watu wazima wakigombania peni hamsini iliyotoka juzi kwa sababu gazeti liliiita ya nadra. Ili kitu kiwe na bei, wanahitajika watu wawili wenye wivu. Kisha unatazama hali yake, yaani imechakaa kiasi gani. Madaraja ya uchakavu yaliwekwa na watu wapole mno: ile wanayoiita "nzuri" ni ile ambayo sura ya mfalme imebaki kama sabuni ya wiki ya pili. Lakini kinachoamua mambo ni ngozi. Fedha huvaa rangi yake polepole, kijivu, buluu, hata zambarau, na rangi hiyo ikishaondolewa hairudi. Ukiifuta sarafu, hata kwa hariri, unaacha mikwaruzo myembamba kama nywele. Huioni mpaka uiinamishe chini ya taa. Ukishaiona, huoni tena kitu kingine.

Nilianzia chumba cha nyuma, nikizipanga peni za Viktoria mwaka kwa mwaka. Kisha nikapelekwa kaunta, chini ya Msimamizi wa Kaunta, mama wa Kiingereza aliyewapa wateja habari mbaya kwa sauti ya muuguzi. Halafu Mkuu akagundua kwamba najua Kiswahili, Kisomali na Kihindi cha dukani, akanipa cheo kilichobuniwa asubuhi hiyohiyo: Ofisa wa Ushirikiano na Jamii. Nikawa nabeba mizani, lenzi na taa hadi kumbi za mitaa ya Alum Rock na Balsall Heath kuwathaminia "watu wetu" bure. Kwa Mkuu, watu wetu lilikuwa kabila kubwa: Wasomali tuliokulia Kenya, Wakongo, Masingasinga wa Nakuru, Wahindu wa Kampala. Wengi walileta peni ishirini zisizo na mwaka, kwa kuwa walisikia zipo chache na zina pesa. Nilizigeuza, nikawaonyesha mwaka upande wa pili.

Mama Kokila alikuja ukumbi wa Balsall Heath mvua ikinyesha. Alikuwa mjane wa Kigujarati, mfupi, amevaa sweta juu ya sari, na hakukaa mpaka alipomaliza kunihoji.

"Wewe Msomali wa wapi?"

"Wa Kisumu, Mama."

"Kisumu gani? Usinidanganye, beta, mwanangu. Mimi nimezaliwa Kisumu."

"Nyuma ya soko la Kibuye."

"Haya. Basi wewe mtoto wa nyumbani. Angalia vizuri, na usiniambie maneno ya Wazungu."

Alifungua leso. Ndani mlikuwa na krauni, sarafu pana ya fedha ya Malkia Viktoria, ile ya 1847 yenye taji na maandishi ya Kigothi, mwaka wake ukiwa kwa tarakimu za Kirumi. Sarafu hiyo haikutengenezwa inunue kitu. Ilitengenezwa itazamwe. Ndani ya herufi, kila kona, mlikuwa na unga mwekundu.

"Hii nyekundu, Mama?"

"Kumkum, unga wa ibada. Kila Diwali tunaiogesha maziwa, halafu maji, tunaifuta, tunaipaka. Mama mkwe wangu alifanya, na mama mkwe wake kabla. Hata mwaka ule tumefika huku, nyumba haina jiko, maziwa tulinunua."

Niliiinamisha chini ya taa. Mikwaruzo ilikuwepo, myembamba, yote ikizunguka upande mmoja, kama vile wanawake wale wote walitumia mkono uleule mmoja.

"Sasa niambie," alisema. "Paa langu linavuja mpaka kitandani. Kijana wangu anasema niuze nyumba nihamie kwake Leicester. Leicester nitakaa chumba cha juu, nikiomba chai kama mgeni. Hii itatengeneza paa ama haitatengeneza?"

Nikamwambia itatengeneza, kama itaingia mnadani na maelezo ya haki.

Nikaipeleka ofisini. Mkuu aliitazama kwa muda wa kupiga chafya mbili. "Imesafishwa. Andika: imesafishwa vikali, uso umeharibika."

Nikamkumbusha krauni kama hiyo tuliyoiuza kwa niaba ya familia moja yenye kasri na mbwa wengi. Nayo ilikuwa na mikwaruzo, tena zaidi. Yeye mwenyewe aliniamuru niandike "msuguano wa kabati". Hilo ni neno la heshima katika kazi yetu: maana yake sarafu imelala kwenye droo ya mbao miaka mingi, na kila droo ilipovutwa, ilijisugua kidogo.

"Ile ilikuwa droo," alisema.

"Na hii ni maziwa."

"Droo ile ina jina la ukoo."

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayekuambia basi linapita saa ngapi.

Kwa maelezo yale, bei ya kuanzia ilikuwa ya kutia aibu. Mama Kokila aliichukua sarafu yake. Nilimsihi asubiri, nikatafute nyumba nyingine ya mnada, lakini mvua ya Birmingham haikuwa na subira. Akamuuzia mchuuzi mmoja wa mjini. "Imetosha kununua ndoo," aliniambia kwa simu, "za kuweka chini ya paa." Nyumba ikatangazwa kuuzwa.

Vuli iliyofuata, katika sanduku la mkusanyo wa bwana mmoja wa mashambani lililoletwa kwetu kuuzwa, niliikuta krauni ile. Mikwaruzo ileile ya mzunguko, nyekundu ileile. Nikaandika maelezo yake kwa furaha ya kitoto: Kisumu, maziwa, wanawake, kumkum. Mkuu akachora mstari juu ya yote. Kisha akachukua mwiba wa waridi, kifaa cha zamani cha wathamini kwa kuwa haukwaruzi fedha, akainama chini ya lenzi, akaitoa nyekundu herufi moja baada ya nyingine. Yeye, aliyenifundisha kwamba sarafu haiguswi.

"Uchafu wa kigeni," alisema, akaupuliza mezani. "Andika: msuguano mdogo wa kabati."

Nilimpigia simu Mama Kokila. Alikuja siku ya maonyesho, kabla ya mnada, na mwanawe, ambaye alielewa Kiswahili chetu chote na kujibu kwa Kiingereza. Mama aliishika sarafu kwa ukingo, kama nilivyomwonyesha, akaigeuza mara kadhaa.

"Nyekundu yetu iko wapi?"

"Wameitoa, Mama."

"Kwa nini?"

"Ionekane haijaguswa."

Akanitaka nimsomee kilichoandikwa. Nikamsomea.

"Kabati?" alisema. "Sisi hatukuwa na kabati. Ilikaa kwenye kopo la chai."

Mwanawe akasema kwa Kiingereza kwamba muda wa maegesho unaisha. Mama Kokila aliiweka sarafu juu ya kitambaa cheusi, akafuta vidole kwa leso, akaondoka. Wiki hiyo alihamia Leicester. Krauni ilipata bei ambayo ingetengeneza paa, na dari, na ikabaki ya kupaka rangi.

Kwenye kikao cha idara niliuliza, mbele ya Mkurugenzi, tofauti ya maziwa na mbao ni nini. Cheo changu kilifutwa kama kilivyobuniwa, asubuhi moja. Katika hafla ya kuniaga Mkuu alisema nilikuwa daraja la jamii. Msimamizi wa Kaunta alinishika bega kwa mkono wa muuguzi, kama ile sauti yake, nikajua uso umeharibika.

Nyumba ya Mama Kokila naipita nikienda dukani. Mwenye nyumba mpya ameweka paa zuri sana.

Jumamosi nakaa mgahawani Balsall Heath, na watu bado wananiletea sarafu. Juzi binti mmoja alinionyesha rupia ya bibi yake, ina wekundu kwenye herufi. Akaniuliza kwa Kiingereza kama aisafishe kwanza kabla ya kuiuza.

Nikamwambia asiiguse. Kazi hiyo ina wenyewe.