Uji wa Shangazi

Walipokuja kuniuliza nina makaburi mangapi, nilisema matatu.

Walikuwa wawili: kijana wa serikali aliyeletwa kutoka mbali, asiyejua lugha yetu, na kijana wa hapa aliyemfasiria. Wameshika karatasi na kopo la rangi. Gesi imepatikana chini ya bahari yetu, kijiji kinahamishwa, na wafu nao wahame na watu wao. Kila mwenye wafu aoneshe wake. Nikawaonesha mama yangu, baba yangu na mume wangu.

"Basi, bibi?"

"Basi."

Hatua kumi kutoka pale, chini ya mkorosho, palikuwa na kituta kidogo kisicho na jiwe. Macho yangu yalipita juu yake kama mtu anayepita mlangoni kwa adui.

Nilikuwa na binti. Mimba yangu ya kwanza. Alikufa akiwa na miaka miwili, na sikumtaja kwa sababu ya namna alivyokufa.

Kwetu mtoto akianza kuharibika, miguu ikawa njiti, tumbo likawa ngoma, nywele zikageuka rangi ya ndevu za mahindi, watu hawaulizi amekula nini. Wanauliza mama yake amelala na nani. Wanasema amebemendwa. Maana yake wazazi hawakuvumilia, wamerudiana kitandani mtoto hajaacha ziwa, au mmoja wao katoka nje ya ndoa, na uchafu wao umempata mtoto. Neno hilo halitibiki. Mama mkwe wangu alinitamkia mbele ya wanawake kisimani, nami nina mimba nyingine, tumbo linanisuta mbele yangu, nitakataa nini?

Nikamfungia mtoto ndani. Mtu akimuulizia, amelala. Kutwa amelala. Samaki nilikatazwa nisimpe, mayai nilikatazwa, eti chakula kizito kinauchochea ugonjwa. Nikampa uji wa muhogo, mwepesi, unaona hadi chini ya kifuu. Na nje pweza wananing'inia kwenye kamba, karanga zimejaa ghalani, nazi zinadondoka zenyewe. Mwanangu hakufa kwa njaa ya nchi. Alikufa kwa aibu yangu.

Akimaliza uji wake alikuwa anakwangua kile kifuu kwa gamba la chaza. Kwaruu. Anapumzika. Kwaruu. Nguvu ya kulia ilikuwa imemwisha, ya kukwangua anayo. Alikwangua mpaka asubuhi moja nikiwa naosha vyombo nikasikia kimya.

Tangu hapo naisikia ile kwaruu. Natwanga, naisikia. Napepeta, naisikia. Mume wangu, Mungu amrehemu, alisema ni panya. Nikamwambia, panya gani anakwangua akipumzika?

Basi tulipopewa nyumba Kitunda, kijiji kipya walichotujengea, nyumba za matofali na bati, bahari mbali, mimi moyoni nilifurahi peke yangu. Wenzangu wanalilia pwani yao, mimi nasema: hapa hatanifuata. Hakuhesabiwa, hakuandikwa, njia ataijuaje? Hayo ndiyo niliyoyawaza, nami ni mama. Nayaandika ili yajulikane.

Mwezi wa pili, mchana kweupe, nachambua dagaa jikoni, nikasikia kwaruu.

Nikasema, umekuja.

Nikasoma dua niliyojaliwa kuijua. Nikashika mchi nikatwanga kwa nguvu ili nisisikie. Kesho yake tena. Keshokutwa tena. Wiki mbili natwanga kama mwendawazimu, unga wangu umekuwa laini kuliko poda.

Sasa niseme juu ya mjukuu wangu wa kike, maana bila yeye habari hii ingeishia pabaya. Ni mtoto wa mwanangu wa kiume, ana miaka mitano, na anatwanga karanga kumshinda mama yake. Sijisifu, natoa habari. Nyumba yao iko nyuma ya yangu, dirisha lao linatazama jiko langu. Kila asubuhi anakuja na mchi wake mdogo niliomchongea mwenyewe.

"Mke mwenza, umeamkaje?" namwita hivyo, kama bibi anavyomwita mjukuu.

"Nimeamka salama. Mume wetu yuko wapi?"

"Mume wetu amekufa, amekuachia karanga. Twanga."

Namfundisha kama nilivyofundishwa. Karanga hazikaangwi mpaka zikawa nyeusi, zinaonjeshwa moto tu, maganda yapeperuke. Dagaa wakavu watolewe vichwa na mchanga, watwangwe, wachekechwe. Majani ya mlonge yaanikwe kivulini, jua linayaua. Nilimkataza bolasha, hizi biskuti za dukani. Baba yake alipata kibarua huko wanakojenga mambo ya gesi, analala hukohuko, akirudi anawaletea bolasha za pakiti. Bolasha ni upepo uliotiwa sukari. Mtoto anakula, anacheka, halafu njaa inamrudia ikiwa na hasira.

Siku hiyo nikaona ngumi yake ya kushoto imefumbwa. Anatwanga kwa mkono mmoja.

"Fungua mkono."

"Sina kitu."

"Mke mwenza, mimi nimeiba kabla hujazaliwa. Fungua."

Karanga tano, zimelowa jasho.

"Za mdogo wangu," akasema. "Mama amesema asitoke. Amesema watu wana macho. Sahani yake haina kitu, bibi, na anaikwangua tu kwa kijiko. Ananichosha masikio."

Mchi ulisimama. Na katika ule ukimya nikaisikia, kutoka dirishani kwao. Kwaruu. Ikapumzika. Kwaruu.

Wiki mbili. Wiki mbili namsomea dua mtoto aliye hai ili aondoke.

Sikumbuki nilivyofika. Nakumbuka pazia, giza la ndani, na mjukuu wangu wa kiume, mwaka mmoja na nusu, amekaa kwenye mkeka na sahani ya bati mapajani. Miguu inang'aa imevimba. Nikabonyeza kidole juu ya unyayo, shimo likabaki kama kwenye unga uliokandwa. Hakulia. Alinitazama kama mtu mzima aliyechoka na wageni. Mama yake amesimama ukutani, mikono juu ya tumbo lake, tumbo la miezi sita. Wiki zote hizo nikimuuliza habari za mtoto, ananiambia amelala, mama. Nami, mwalimu wa kudanganya kwa neno hilohilo, nilikubali!

Hapo ningeweza kusema maneno mengi. Nilisema moja. Lilinitoka kwa sauti ya mama mkwe wangu, hata pumzi yake.

"Umembemenda."

Mke wa mwanangu akasema polepole, "Nenda, mama. Nenda kawaambie. Nilijua utakuwa wa kwanza." Akanitoa kwa mkono, kwa adabu, akafunga mlango, nikasikia komeo.

Siku mbili mlango haukufunguliwa. Hata yule msichana, mke mwenza wangu, hakuja. Nabisha, kimya. Naita, kimya. Naweka chakula kizingitini, kinaliwa na kuku. Mwanangu yuko kazini, simu yake haipatikani. Na dirishani, kwaruu ile imepungua. Mapumziko yamekuwa marefu. Mimi nayajua mapumziko yale. Najua yanakwenda wapi.

Siku ya tatu asubuhi yule msichana aliruka dirishani akaja na mchi wake.

"Mama analia," akasema. "Tupike."

Tukapika. Yeye ndiye aliyekuwa bibi siku ile. Yeye karanga, mimi dagaa. Unga wa mahindi uliochachushwa. Nilipovunja yai nikasita, yai liko kwenye ganda mkononi, na masikioni nasikia kisima kizima cha wanawake wakisema mtoto mgonjwa hapewi yai. Kuna muuguzi wa kike, mtu wa bara, aliyewahi kutukusanya pale hospitali ndogo kutufundisha uji wa mtoto: rangi ya njano, rangi ya kijani, kitu cha baharini, mafuta. Nilimcheka siku ile. Nilisema, mtoto wa bara aje anifundishe mimi dagaa! Kumbe kila alichokitaja nilikuwa nacho nyumbani kwangu tangu ujana.

"Bibi, litamwagika."

Nikalitia. Nikakoroga mpaka likapotea. Tui zito juu, mlonge mwishoni.

Nikabeba sufuria mpaka mlangoni kwao, nikakaa chini kizingitini, miguu nimeinyoosha uani, kila apitaye anione. Jirani mmoja anatoka bombani, ndoo kichwani, akaniona.

"Leo bibi umekuwa muuza uji?"

"Leta ulimi wako nikupimie. Unaonekana una njaa ya habari."

Akasimama. Nilitaka asimame. Wengine wawili wakasimama nyuma yake. Nikauelekea mlango nikasema kwa sauti, maana mtu hawezi kunong'ona kupitia mbao.

"Mwanangu, nisikilize. Nina makaburi manne. La nne ni la binti yangu, dada wa mumeo, na mumeo hajui kama alikuwa na dada, kwa sababu yeye alikuwa bado tumboni. Walisema nimembemenda. Nikamficha kama unavyomficha wewe. Nilisema amelala, kama unavyosema. Nikampa maji ya muhogo mpaka akafa, na chakula kimejaa nyumba. Walipokuja kuhesabu makaburi nikamkana. Nimemwacha kule, ndani ya ua wa watu wa gesi, peke yake. Juzi nilikutamkia neno lile lile lililomuua. Kama kuna aliyebemenda mtoto katika ukoo huu, ni neno hilo. Sasa majirani hawa wanakwenda kusema. Waseme juu yangu. Wewe fungua."

Nikasikia ndoo ya jirani ikitua chini.

Nikasoma ile sura fupi ninayoijua mpaka mwisho. Uji unafanya utando juu. Nikawaza, nimechelewa tena.

Komeo likavutwa.

Alitoka na mtoto begani, amemfunika kapulana, kanga yake, mpaka utosini. Nikamfunua kichwa mbele ya watu wote, nywele zile za ndevu za mahindi zikapigwa na jua. Nikamkalisha kwenye kizingiti. Nikampa kijiko, akageuza uso. Mama yake akampa, akageuza uso. Yule dada yake akachovya kidole kwenye uji, akamtia mdomoni.

"Kula wewe. Karanga nimetwanga mimi."

Akanyonya kidole. Akasubiri. Akafungua mdomo.

Yule jirani aliyenitania ndiye aliyekimbia kutafuta pikipiki. Nisidanganye mtu kwamba uji ulimponya. Miguu iliyovimba vile ni ya hospitali, na siku ileile mama yake alikwenda naye, na huyo muuguzi niliyemcheka akawapokea, akawalaza. Siku walizokaa kule nilituma chakula cha mama kila kilipopatikana chombo cha kwenda. Muuguzi akaniletea ujumbe kwamba dagaa wangu ni safi, hawana mchanga. Nilijua.

Lakini siku hizohizo, nyumba ya nyuma imefungwa, msichana analala kwangu, sahani ya bati iko kwangu nimeiosha nimeifunika, nikasikia kwaruu. Mchana, napepeta. Ikapumzika. Kwaruu.

Sikushika mchi.

Nilikwenda kule kwenye ua wa watu wa gesi. Nikamweleza mlinzi, mlinzi akanisikiliza vizuri, akasema, bibi, orodha ya makaburi imefungwa, nenda kwenye serikali. Nikaenda kwenye serikali. Wakaandika. Kijana akauliza jina la marehemu, nikalitaja kwa mara ya kwanza baada ya umri wote huo, ulimi ukaniwia mzito kama wa mlevi. Wakasema watatazama. Bado wanatazama.

Mtoto alirudi. Amekuwa na mashavu, mwizi, anamnyang'anya kuku chakula. Mdogo wao amezaliwa, na mama yao ananyonyesha uani, kifua wazi, mtoto mkubwa amemwegemea anakula uji wake, na mtu akipita akawatazama sana mke wa mwanangu humuuliza kama amepotea njia. Hiyo lugha ameipata kwangu.

Akimaliza, mjukuu wangu hukwangua sahani. Hiyo sauti nilidhani ingenifurahisha. Ninaposikia lazima nigeuke nimtazame, nihakikishe ni yeye. Mara nyingi ni yeye. Siku nyingine yuko kule anafukuza kuku na sahani yake imelala kifudifudi, na mkono wangu umeshachukua upawa wenyewe, umeshachota.

Juzi msichana aliniona nimeshika kibakuli kilichojaa, sina wa kumpa.

"Bibi, huo wa nani?"

"Wa shangazi yako."

"Ana miaka mingapi?"

"Miwili."

Akaacha kutwanga. Akacheka mpaka akashika mchi asianguke. "Shangazi gani mdogo kuliko mimi!"

Halafu akaacha kucheka. Akageuza kichwa kidogo kuelekea ukutani, kama mtu anayesikiliza.

"Umetia yai?" akaniuliza.

Nikamwambia nimetia.