Aliyeipa Skrini Mgongo

Kokote filamu ilikoonyeshwa, mjomba wangu alikaa ameipa skrini mgongo. Hata nyumbani kwetu, televisheni ikiwashwa, alikigeuza kiti akatutazama sisi tunaotazama. Mama, ambaye ni dada yake, hakuacha kumtania: "Kaka, sinema iko huku. Au umekuja kutuchumbia?"

"Tafuneni tu, nawaona."

Aliongoza filamu kwa miaka thelathini, na sijui kama aliwahi kuwapenda aliowatengenezea. Watazamaji walimtia kinyaa: mtu anapigwa, wao wanacheka, mtu anakata roho, wao wanajibu ujumbe kwenye simu. Waigizaji nao aliwaita wauza sura. Mmoja wao wenzake walimbandika jina la Bomba, kwa kuwa machozi yake yalifunguka kwa amri. Huyo ndiye ambaye mfadhili alimlazimisha mjomba kumchukua katika filamu yake ya mwisho.

Mimi nilikuwa mhariri wa picha. Kazi niliisomea chuoni, lakini kiti cha kwanza nilipewa na yeye. Aliniita mama, kwa kuwa nimerithi jina la mama yake.

Tukio la mwisho lilikuwa jepesi kwenye karatasi. Mama mmoja ametoka kumzika mwanawe, anarudi nyumbani, anaanua nguo za marehemu zilizosahaulika kambani, anazikunja. Basi. Mara ya kwanza Bomba, aliyemwigiza huyo mama, alilia. Mara ya pili akalia zaidi.

"Funga maji," mjomba akamwambia.

"Mwalimu, si nimefiwa?"

"Umefiwa, na nguo zimekauka. Zianue."

Wapiga picha waliangua kicheko, Bomba akasonya. Mara ya kumi na moja, sijui kwa uchovu au kwa hasira, alizikunja kimya, akainyoosha kola ya shati kwa kidole gumba kana kwamba mwanawe atalivaa kesho. Mjomba alitoka nje. Nilimkuta akijifuta macho kwa mkono wa shati.

"Hiyo ndiyo filamu yangu," akasema. "Mengine yote ni njia ya kufika hapo."

Tulimaliza, akaipitisha. Wiki moja kabla ya onyesho, mfadhili alikuja chumbani kwangu, akaniinamia begani akinukia manukato. "Weka ile ya machozi. Watu wanataka kulia, mbona mnawanyima?"

Ningeweza kumpigia mjomba simu. Sikupiga. Nilijiambia ni sekunde arobaini tu, nikabadilisha.

Siku ya onyesho aliweka kiti chake mbele, mgongo kwenye skrini, kama kawaida. Watu walitafuna, mmoja akapiga miayo. Mwishoni leso zikaanza kutoka, safu baada ya safu, pua zikavutwa kwa pamoja kama waliopewa ishara. Nilimwona akikunja uso, kama mtu aliyefunua chungu akakuta chakula kimechacha. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, akageuka kutazama skrini. Bomba alikuwa akililowesha lile shati.

Ukumbi mzima ulisimama kupiga makofi.

Baada ya siku ile aliishi miaka minne bila kunisemesha. Nikiingia kwake, kiti alikigeuzia ukutani. Lakini siku ile ile ya onyesho alinisubiri mlangoni, watu wakimpa mkono naye akiuacha ukining'inia.

"Ulipoiweka ile, mama, wewe ulilia?"

"Hapana, mjomba. Ilinitia kinyaa."

"Basi ulijua."