Kona ya Kaskazini ya Uwanja wa Kambare

"Andikeni, rekodini, chongeni kwenye ukuta wa mahakama! Mwaka huu Kambare wanashinda michezo tisa. Wasiposhinda, mimi Lavelle Hathorn nitatembea barabara kuu yote ya mji huu nimevaa manyoya ya jogoo, na ruksa kunipiga picha mbele na nyuma."

Majigambo hayo yalirushwa hewani Jumatatu moja ya Agosti, kwenye kipindi cha redio cha Tripp Gandy, mjini Pickett Bend, Mississippi. Gandy alicheka mpaka akapaliwa na kahawa. Alikuwa na haki. Mwaka uliotangulia Kambare, timu ya chuo cha mji ule, ilishinda michezo miwili tu kati ya kumi na miwili, na mmoja katika hiyo miwili walicheza na chuo cha wachungaji ambacho nusu ya wachezaji wake walikuwa na mafua. Futiboli yenyewe ni ile ya kofia ngumu na vikumbo, na Kambare walikuwa hodari sana wa kupokea vikumbo.

Lavelle alikuwa fundi wa viyoyozi, umri miaka hamsini na tisa, masharubu kama mswaki uliosahaulika bafuni. Mjini walimwogopa kwa sababu moja: ukibishana naye juu ya Kambare mwezi wa Julai, kiyoyozi chako kitasubiri mpaka Septemba. Lakini Jumatatu walimsikiliza wote. Kila wiki alipiga simu redioni kutoa tathmini ya timu, na alitoa alama kama mwalimu mwenye vidonda vya tumbo.

"Mstari wa mbele, D. Wanasukumwa kama mlango wa choo cha stendi."

"Na mrusha mpira, Bwana Lavelle?"

"C. Kwa heshima ya mama yake, aliyenikaribisha chai."

"Kocha?"

"Kocha bado namtafutia herufi. Alfabeti imeniishia."

Watu hawakujua kwamba alama zile kwa miaka mingi hazikuwa za Lavelle. Zilikuwa za Nedra, mkewe. Nedra ndiye aliyekaa uwanjani na karanga zake za kuchemsha mapajani, akimwona beki aliyechoka kabla beki mwenyewe hajajijua. Ila alikuwa na haya ya simu. Basi yeye alisema jikoni, mumewe akabwata redioni. Kitu cha mwisho Nedra alichokisema juu ya Kambare, akiwa kitandani hospitalini na mirija puani, kilikuwa hiki: "Huyu kocha mpya msimfukuze. Mwaka wake wa tatu atashinda tisa. Utaona."

Lavelle alikuwa na hakika na Nedra kuliko alivyokuwa na hakika na Biblia, na alikuwa shemasi.

"Joto limekupanda kichwani," Royce Peavy alimwambia siku ya majigambo yale. Royce aliuza chambo cha samaki kando ya daraja, na kwa zaidi ya miaka ishirini kiti chake uwanjani kilikuwa kando ya kiti cha Lavelle. "Manyoya ya jogoo, mzee mzima? Wewe na tumbo hilo? Watadhani ni bata mzinga katoroka sikukuu."

"Nedra alisema tisa."

Royce akaendelea kuhesabu minyoo.

Royce peke yake ndiye aliyejua habari nyingine ya Nedra. Kwamba Jumapili moja ya Aprili mwaka uliotangulia, miezi miwili baada ya yeye kufariki na mwili wake kuchomwa, mji mzima ukiwa kanisani, wanaume wawili wenye matumbo waliingia uwanjani kupitia lango la watu wa usafi. Mmoja alijifanya ananyoosha viungo, kama mtu aliyetumwa na daktari. Mwingine alikuwa na chupa ya chai yenye picha ya kambare ubavuni, na ndani ya chupa hiyo alikuwamo mkewe.

Alimpeleka kona ya kaskazini, kwenye eneo la kufungia. Hapo ndipo zamani kijana mmoja alipodaka mpira akielea hewani, na msichana aliyekuwa safu ya nne akamkumbatia kwa furaha mtu asiyemjua kando yake. Mtu huyo alikuwa Lavelle. Hakuachiwa tena.

"Fanya haraka," Royce alinong'ona, mguu mmoja hewani. "Maji yanakaribia kufunguka."

"Acha niombe kwanza."

"Omba ukimwaga!"

Maji yakafunguka. Vinyunyizio vya uwanja viliwalowesha wote wawili, na Nedra akazama kwenye nyasi kabla mumewe hajafika kwenye amina. Wakatoka wakikimbia, wamelowa chapachapa, wanacheka na kulia kama watoto walioiba tikiti maji.

Chungu cha majivu kilibaki juu ya kabati la televisheni, maana binti yao Renita alitaka mama akae nyumbani. Lavelle hakuwa na moyo wa kumkatalia, wala hakuwa na majivu. Akachota jivu la mti kwenye pipa lake la kuchomea nyama ya nguruwe, akajaza. Kila Jumapili baada ya ibada Renita hupangusa vumbi kwenye chungu kile na kusema, "Mama, tunakupenda." Lavelle hukohoa, akaenda kuangalia kitu jikoni.

Msimu ukaanza, na hapo ndipo mji ulipoanza kuishiwa maneno. Mchezo wa kwanza walishinda. Watu wakasema bahati. Wa pili wakashinda. Watu wakasema refa. Walipoutia mfukoni wa tano, watu waliacha kusema, wakawa wanatazamana tu dukani kama waliomwona marehemu akinunua maziwa. Mwanamke mmoja alipiga simu redioni akilia na kuuliza kama ni dhambi kuogopa ushindi. Gandy alimwambia aonane na mchungaji wake. Mchungaji wake naye alikuwa kwenye foleni ya simu.

Lavelle mwenyewe tathmini zilimwishia. Alizoea kukaripia, sasa kila Jumatatu anakohoa hewani.

"Mstari wa mbele, Bwana Lavelle?"

"Wao... hawakusukumwa."

"Alama?"

"Sijawahi kutoa herufi hiyo, Tripp. Nipe wiki moja."

Mchezo wa mwisho walicheza na Majogoo wa Ellisboro, mahasimu wao wa miaka yote, nyumbani, wakiwa na ushindi wa nane mkononi. Zilibaki sekunde sita, Kambare wako nyuma kwa alama nne. Mrusha mpira, yule wa C ya heshima, aliutupa mpira juu kama mtu anayefukuza popo. Ukaenda kaskazini. Kijana mwembamba akaruka, akaudaka, akaangukia kwenye kona kwa magoti yote mawili.

Uwanja ukapasuka kwa kelele. Watu walimwagika uwanjani, wakang'oa milingoti ya goli, wakaondoka nayo begani kwenda kuitupa mtoni. Royce alimtingisha mwenzake mabegani.

"Tisa! Simama, mzee! Tisa!"

Lavelle alikuwa amekaa, mdomo wazi, karanga zimemwagika miguuni.

"Umeona alipoangukia?" alisema.

"Nimeona."

"Palepale, Royce. Kampigia magoti."

Baada ya hapo Lavelle akawa mtu mkubwa. Waliomcheka walimletea mikate ya mahindi. Na mtu akishakuwa mkubwa, ulimi nao hudai kazi. Februari, Gandy alimwuliza hewani tathmini yake: mradi huu wa Kambare umefika wapi, na umebakiza nini?

"Umefika mlangoni," Lavelle alisema, na sauti ilikuwa imeshapanda. "Lakini huwezi kuingia kwa wakubwa umevaa ndala. Nimeona chumba chao cha kunyanyulia vyuma, Tripp. Binti yangu ana vyuma vizito zaidi jikoni. Vyumba vya kubadilishia nguo vinanuka tangu nikiwa na nywele. Bomoeni! Bomoeni kila kitu, mjenge upya!"

Mji ulilipenda neno hilo kupita kiasi. Wiki iliyofuata fulana za kijani zilikuwa madukani: BOMOA KILA KITU. Watoto wa shule walimsalimia hivyo njiani. Lavelle alinunua fulana mbili, moja ya kazini na moja ya kanisani.

Jumatatu moja ya Mei alipiga simu kama kawaida, kasimama juu ya ngazi kwenye ukumbi wa mazishi, kiyoyozi kimefunguliwa matumbo mbele yake, simu kaibana begani.

"Bwana Lavelle!" Gandy alipiga kelele. "Una furaha leo?"

"Nina bisibisi leo. Kuna nini?"

"Chuo kimekusikia! Wafadhili wametoa, na kazi imeanza leo alfajiri. Wanang'oa nyasi zote za uwanja, kaka. Zote! Wanatandika zulia la plastiki kama timu kubwa. Bomoa kila kitu! Haya, tupe tathmini."



"Bwana Lavelle? Uko hewani."

Wasikilizaji walisikia kitu cha chuma kikianguka, ngazi ikikwaruza ukuta, kisha mlango wa gari. Gandy akaweka tangazo la mbolea.

Alipofika uwanjani, mashine ilikuwa katikati, inakunja nyasi kama mtu anayekunja mkeka. Upande wa kaskazini ulikuwa tayari udongo mtupu, mwekundu, umesawazishwa. Lavelle alisimama pale ilipokuwa kona akageuka huku na huku. Hakukuwa na mstari, hakukuwa na alama. Alikuwa anajua kona ile gizani, na sasa mchana kweupe hakujua aweke wapi mguu bila kumkanyaga mkewe.

Royce alifika akihema. Alikuwa amesikia redioni, akaacha duka wazi na minyoo peke yake.

"Wamempeleka wapi?" Lavelle aliuliza.

"Sijui. Lakini nje ya lango kuna foleni, na kila mtu ana boksi la piza."

"Wanagawa piza?"

"Hawagawi piza, mzee."

Nje ya lango kubwa ilikuwa imepangwa meza ndefu, na juu ya meza vipande vya nyasi, vimekatwa mraba kama keki ya harusi. Watu walikuwa wakivipokea kwa mikono miwili. Baba mmoja alipita na vipande viwili akimwambia mkewe vitapendeza karibu na kibanda cha mbwa. Lavelle aliposikia hivyo alimshika Royce mkono.

Nyuma ya meza alikuwapo dada mmoja wa ofisi ya michezo ya chuo, Kendra Mabry, mwenye kofia ya kijani na tabasamu la kazini.

"Bwana Lavelle! Mwenye neno lake mwenyewe! Jamani, njooni tupige naye picha!"

"Binti yangu, subiri. Kona ya kaskazini iko wapi?"

"Hata wewe? Kila mtu anataka hiyo, kwa sababu ya lile goli la mwisho. Tumeiweka peke yake, kwenye trei hizi." Alionyesha. Trei nyingi zilikuwa tupu. "Imekwenda haraka sana."

"Imekwenda wapi?"

"Nyumbani kwa watu, Bwana Lavelle."

Royce alimnong'oneza, "Mwambie."

"Siwezi. Renita atasikia. Anaongea na jivu la nguruwe kila Jumapili, Royce."

"Usipomwambia, shemeji yangu anakwenda kukaa na mbwa. Sema!"

Lavelle alivua kofia. Alimwinamia Kendra juu ya meza, na sauti iliyokuwa ikitikisa redio kila Jumatatu ikatoka kama ya mtoto anayeomba kwenda haja.

"Binti, mke wangu yumo humo."

"Yumo wapi?"

"Kwenye hizo nyasi. Majivu yake. Nilimmwaga mwenyewe, miaka miwili iliyopita. Kona ya kaskazini."

Tabasamu la kazini likamtoka Kendra. Alimtazama Lavelle, akazitazama trei, akaurudisha mkono wake uliokuwa umeegemea nyasi na kuushika kwa mkono mwingine. Kisha akapumua polepole.

"Bwana Lavelle," alisema, "wewe ni wa nne tangu asubuhi."

"Wa nne?"

"Wa nne. Mmoja mama yake, mmoja pacha wake. Mzee mmoja alikuwa na mbwa, lakini naye tumemhesabu."

Royce alianza kutetemeka mabega, na haikujulikana analia au anacheka.

"Na kaskazini?" Lavelle aliuliza. Sasa alikuwa ameshika meza. "Kona ya kaskazini yuko nani mwingine?"

"Yule pacha. Mwanamume. Dada yake anasema ni tangu mwaka ule wa kimbunga."

 Zile Jumamosi zote Lavelle alizokaa safu ya nne akimsemesha Nedra kimoyomoyo, akimweleza habari za nyumba, za goti lake, za Renita, kumbe kulikuwa na mwanamume mwingine palepale anasikiliza.

"Jina lake nani?" aliuliza.

"Sikuuliza."

"Alikuwa shabiki wetu, walau? Si Jogoo?"

"Shabiki wetu, Bwana Lavelle. Damu kabisa."

Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyepewa taarifa ya daktari ambayo ingeweza kuwa mbaya zaidi. Nyuma yake foleni ilikuwa imeanza kunung'unika. Mtu mmoja aliimba "Bomoa kila kitu!" na wengine wakaitikia.

"Vimebaki vingapi vya kaskazini?"

Kendra akainua kitambaa kwenye trei ya mwisho. Vilikuwa vitano, nyasi zake bado na umande.

"Usimpe mtu," Lavelle alisema. "Vyote vitano. Royce, leta gari karibu, na utoe yale makopo ya chambo nyuma, hakai na minyoo." Akatoa pochi. Pochi ikakataa kufunguka, Royce akamfungulia. "Ni kiasi gani?"

Kendra aliangalia chini. Alisema bei hapangi yeye, na kwamba alishapiga simu ofisini kwa ajili ya wale watatu wa kwanza, akaambiwa hakuna punguzo.

Nyasi za katikati ya uwanja zilikuwa dola ishirini na tano kipande. Za kona ya kaskazini zilikuwa dola sitini.