Baba Alivyosoma Ini la Panya

Najisifu, na sioni haya. Sisi ni Waorma wa Garsen, watu wa ng'ombe, na mimi ndiye binti wa kwanza kwetu kufanya kazi ya maabara. Kazi yenyewe ni kuchunguza maini ya panya wenye kisukari. Baba akiulizwa nafanya nini huko mjini, alikuwa akikohoa tu. Majirani nao walinicheka: "Kaacha ng'ombe, kafuga panya! Daktari wa panya!"

Na Baba mwenyewe ana kisukari. Insulini yake Mama aliiweka kwenye chungu chenye mchanga mbichi ipate ubaridi, ikakaa humo miezi bila kuguswa. "Naumwa wapi mimi?" Baba alisema, huku akijitilia sukari kwenye chai ya maziwa bila kuhesabu vijiko. Kwake yeye mgonjwa ni aliyekonda. Nilibishana naye mpaka nikalia.

Likizo iliyopita niliacha maneno. Majirani walikuwa wamekaa nasi mkekani, chai inamiminwa. Nikampa simu yenye picha tatu za maini. "Hebu soma, Baba." Maana kwetu ng'ombe akichinjwa, ini hupelekwa kwake kwanza, aligeuze, alibonyeze, aseme kama mnyama alikuwa mzima. Na hakosei.

Akavaa miwani. La kwanza: "Huyu mzima." La pili likamkunja uso, limepauka, limefura kingo. "Hili lina mafuta ndani. Kaugua siku nyingi, na mchungaji wake kalala." La tatu akalikazia macho. "Huyu aliugua, lakini aliangaliwa."

Wallahi, nywele zilinisimama. Mimi nimesomea darubini miaka. Yeye kasomea kidole chake. Nikamwambia kweli yote: wa pili sukari yake iliachwa juu, wa tatu alichomwa insulini kila siku. "Ila panya si mtu, Baba. Siwezi kuapa kwamba ndivyo lilivyo lako."

"Ini ni ini, mwanangu."

Akajibonyeza chini ya mbavu za kulia, taratibu, kama anavyombonyeza ndama. Kisha akasukuma kikombe kando na kumwita Mama alete dawa. Ile ya chunguni niliitupa. Nilikuwa nimekuja na mpya kutoka zahanati.

Akapandisha shati mbele ya majirani wote.

"Nichome," akasema kwa sauti, "daktari wa panya."