Wimbo wa tano

Kwenye duka la simu pale Ghulail, Jeddah, aliingia dada Mkenya anayefanya kazi za ndani huko mtaa wa Al-Rawdah. Simu yake ilikuwa imetumbukia kwenye ndoo ya deki. Imepona, nyimbo zimekufa. Kesho yake anahamia Riyadh na madam, na hakutaka kusafiri bila albamu moja ya kantri, ya mwanamama mwenye sauti ya kulialia.

Muuzaji, Mzanzibari, akaipata, akaujaribisha wimbo wa tano. Ulipofika katikati, dada akaipiga meza kofi. Paa!

"Kulikoni tena, dada?"

"Pole, kaka. CD yetu nyumbani ina mkwaruzo. Ikifika hapo inakwama, mum anagonga redio, inaruka mpaka korasi. Kila Sunday, tukipika chapo."

Wimbo ukaendelea bila kukwama. Akausikiliza ubeti mzima, kichwa kimeinama.

"Kumbe kulikuwa na maneno hapa!"

Akampigia mama yake, akaweka spika. "Mum, skiza hii." Wimbo ukaanza upya, sote tukasogea, hata mimi mteja niliyekuja kubadilisha kioo cha simu. Ulipofika palepale, kutoka Kenya tukasikia: paa!

Ubeti ukapita. Mama akakohoa kidogo.

"Ni poa, lakini hiyo si yetu. Yetu inaruka."

Dada akacheka huku akijipangusa macho kwa ncha ya mtandio.

Maduka ya Olaya, kule Riyadh anakohamia, yamejaa spika zinazosifiwa kwa sauti isiyo na dosari. Sijaona hata duka moja linalouza dosari ya kwenu.