Benchi Linalonukia Udi

Mwaka wa pili wa ndoa ulikuwa unakwisha na tumbo langu bado lilikuwa kimya. Mavyaa, mamake mume wangu, alinitazama kiunoni kila nilipoinama kufagia. Nilimtaka mtoto hata nikawa namwota, na katika ndoto nilikuwa namrekebishia kofia.

Basi nikaenda kliniki ya akina mama, Msambweni. Mimi siwezi kufanya jambo nusunusu. Nilijiosha mpaka ndani kwa maji ya vuguvugu na karafuu, kama somo wangu, yaani kungwi, alivyonifunza kabla ya harusi. Kisha nikasimama juu ya chetezo, moshi wa udi ukanipanda ndani ya leso, nikahisi ninaelea.

Kwenye benchi, udi wangu ulikutana na udi wa wenzangu. Hewa ikawa nzito na tamu, sauti zikanijia kwa mbali, kama niko chini ya maji. Mama mmoja wa bara, aliyehamia huku kulima, akafungua dirisha.

"Dada zangu, mmekuja kutibiwa ama kuolewa?"

"Funga, mama, utamtorosha bwana harusi!" mmoja wetu akamjibu.

Benchi zima likacheka. Nesi aliyeniita chumbani kunipima hakucheka.

"Umejiosha ndani, mwanangu? Basi umekiosha na kipimo changu. Urudi keshokutwa, karafuu uiache jikoni."

Nilirudi bila kujiosha ndani, nikiona haya kama niliyevuliwa leso sokoni. Majibu yalipotoka, nesi alisema polepole: klamidia, ugonjwa wa zinaa.

"Lakini siumwi popote."

"Ndivyo ilivyo. Haiumi, hainuki." Akaelekeza kidevu kwenye benchi. "Wengi wanaokaa pale wanayo na hawajui. Wanakuja kutafuta mtoto, ndipo tunaikuta."

"Na mtoto wangu je?"

"Kwanza dawa. Na mumeo naye anywe, la sivyo mtakuwa mnarudishiana."

"Nani alimpa mwenziwe?"

"Kipimo hakisemi hilo."

Nilirudi Kinondo nikitunga sentensi ya kumwambia mume wangu. Niliitunga, nikaipangua, nikasoma habari za klamidia kwenye simu, nikaitunga upya. Jioni, aliporudi kutoka kazini hotelini Diani, yote ikanipotea.

"Tuna ugonjwa," nikasema.

"Tuna?"

"Mimi ninao. Wewe pengine. Usipotibiwa, dawa yangu ni bure, na mtoto tumsahau."

Alitoka, akakaa barazani, chai yake ikapoa. Nililala nikiamini nimeivunja nyumba.

Nilizinduliwa alfajiri na harufu ya udi. Alikuwa amechutama kando ya chetezo, ameshika shati lake la Ijumaa juu ya moshi, uso haukuonekana vizuri.

"Na mimi kliniki watanifukuza nikinukia, kama walivyokurudisha wewe?" akauliza.

"Fukiza shati tu," nikamwambia, nikaenda kutafuta viatu vyangu.