Figo Yenye Uvimbe Ndiyo Inayofanya Kazi

Wifi yangu ni fundi wa kuchomelea mageti, na mtaa mzima unamwita Mama Cheche. Mimi ndiye niliyemwambia kaka yangu asimuoe. Mwanamke gani anarudi nyumbani ana masizi mpaka kwenye kope! Siku hizi mtu akimgusa huyo Mama Cheche, atanijua mimi ni nani.

Basi walipomkuta na uvimbe kwenye figo ya kushoto, nilienda naye hospitali mwenyewe, maana kaka yangu akiona sindano tu anatafuta kiti. Daktari wa upasuaji akasema ni kazi rahisi: figo inatolewa yote, uvimbe unaenda nayo, binadamu anaishi na moja.

"Hiyo moja itanitosha?" Mama Cheche akauliza.

Mama yake mzazi alimalizia maisha kwenye mashine ya kusafisha damu, na yeye alishaapa mbele yetu: kama ni kuishi kwa mashine, afadhali asipasuliwe. Na huyo akiapa, ameapa.

"Tuitazame kwanza kwenye picha," daktari akasema.

Akalazwa kwenye ile mashine ya mviringo ya kupiga picha, akatoka analalamika kwamba dawa waliyomdunga imemwasha moto mwili mzima. Halafu tukaitwa kwa daktari wa picha, dada mmoja mwembamba anayeongea huku anazungusha figo za watu kwenye kompyuta. Loo! Figo ya kulia, ile nzima tuliyokuwa tunaitegemea, ilikuwa kidude tu, imesinyaa labda tangu utotoni. Ile ya kushoto, yenye uvimbe, ndiyo kubwa, ndiyo inayofanya karibu kazi yote.

"Kwa hiyo mlitaka kumfukuza mchapakazi mtuachie mvivu?" nikafoka.

Mama Cheche akanifinya. "Wifi, hebu nyamaza, mwache mwenzio aseme."

Yule dada akachora mstari kuuzunguka uvimbe, kompyuta ikapima nyama ya figo itakayobaki. "Wakikata uvimbe peke yake," akasema, "utabaki na kama theluthi mbili ya nguvu ya leo. Mashine hutaihitaji. Lakini hii ni hesabu, dada yangu, siyo ahadi."

"Nipasueni," Mama Cheche akasema, ameshasimama.

Hivyo hivyo, jamani! Nilitamani nimbebe mgongoni. Daktari wa upasuaji naye, sina la kumsema, aliitazama picha, akabadilisha mpango bila kununa.

Uvimbe ukatoka wote. Lakini vipimo vya damu vya mwanzo vikawa vibaya, tena vibaya kweli, wakaanza kuitaja ile mashine ya kusafisha damu. Mama Cheche akageukia ukutani. Nikamfuata dada wa picha mpaka kwenye ngazi nikamwambia hesabu yake imetuponza. Akanijibu kwa upole kwamba figo ikikatwa huzubaa kwanza, tuipe muda. Nikamwambia muda ampe mama yake. Nilimkosea, nakiri.

Asubuhi moja daktari wa upasuaji akaingia wodini, karatasi mkononi, meno yote nje. "Theluthi mbili! Kama picha ilivyosema, tena na kidogo juu!"

Weee! Nilipiga ukelele nesi akadhani mtu amekata roho. Nilimkumbatia daktari, nikamkumbatia mgonjwa wa kitanda cha pili ambaye hata simjui. Kaka yangu akakaa sakafuni, anacheka peke yake.

"Sasa kunywa maji, mama," daktari akasema. "Kunywa unavyotaka."

Mama Cheche akaomba jagi zima. Akalipiga lote bila kupumua, maji yanamchuruzika mpaka shingoni. Akalishusha, akaanza kulia, yeye ambaye moto ukimrukia mkononi huupuliza tu akaendelea na kazi.

"Mama, kwenye ile mashine, maji walikuwa wanampimia kwa kikombe cha dawa," akasema. "Alikufa na kiu, wifi."

Nikalichukua jagi, nikaenda kulijaza.